Kaktasi Kongwe Chini ya Meza

Muuzaji aliinama chini ya meza, akatoa kitu kilichozungushiwa magazeti, akakifungua huku macho yake yakipita kulia na kushoto.

Mezani alikuwa amepanga vikopo vya kaktasi za kawaida, za kijani, za kimo kimoja, zile unazozikuta karibu kila soko la maua la Ulaya. Hii ya kwenye magazeti ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa. Ukubwa wa ngumi mbili, rangi ya kijivu inayokaribia weupe, miiba myeusi tititi, ubavu mmoja umebabuka na kugeuka kahawia. Haikuwa na chungu. Mzizi wake mnene ulikuwa umekatwa na kidonda chake kimekauka. Kwenye nta nyeupe iliyoufunika mwili wake palikuwa na alama mbili za vidole gumba, mahali mtu alipoikamata, na pale nta ilipobanduka ngozi ya chini ilionekana kijani kilichofifia.

“Copiapoa,” akasema, ingawa sikuwa nimeuliza.

“Ina miaka mingapi?”

“Mingi. Huyu ni bibi.”

“Uliiotesha mwenyewe?”

Akacheka, akanitajia bei.

Nilimshukuru nikaondoka. Soko lenyewe sitalitaja, kwa kuwa sina hakika kama yule bwana alikuwa na kosa lolote. Lakini wiki zimepita na ile kaktasi haijanitoka kichwani, na kinachonikera zaidi si yeye. Kinachonikera ni kwamba kabla sijashuku chochote, niliitamani. Niliutamani ule ubavu uliobabuka, ile rangi ya majivu, ule uzee.

Halafu nikakumbuka kwamba hizo ndizo dalili za mmea uliong'olewa jangwani.

## Mezani wamejaa watoto

Nikifika nchi ya watu, wenzangu huuliza makumbusho yako wapi. Mimi huuliza soko la mimea hufunguliwa siku gani. Si swali la mzaha. Chatuchak ya Bangkok, kwa mfano, wageni wengi huiendea Jumamosi na Jumapili kwa ajili ya nguo na vinyago, lakini mimea ina siku zake, Jumatano na Alhamisi. Ukikosa siku, umekosa soko.

Na Chatuchak ni ya kuiona. Wakulima wa Thailand wamezama katika kuzichanganya kaktasi za Gymnocalycium mpaka zikatoka na mabaka ya waridi, manjano na zambarau, mbili zisifanane. Kando yake kuna Astrophytum asterias, bapa, bila mwiba hata mmoja, zenye vidoti vyeupe vilivyojipanga kwa mistari. Kila moja kwenye kikopo chake cheusi cha plastiki. Nilisimama pale mpaka muuzaji akanisogezea kigoda.

Kwingine soko hukuchekesha. Kuna zile kaktasi zenye kichwa chekundu au cha njano ambazo watalii huzipenda: kile kichwa hakina klorofili, hakiwezi kujilisha, kwa hiyo kimeunganishwa juu ya shina la Hylocereus, jenasi ileile inayozaa pitaya, lile tunda la joka. Shina likichoka, kichwa nacho kwaheri. Na kuna zinazouzwa zikiwa na ua la waridi lisilonyauka. Ua hilo ni kavu, limebandikwa kwa gundi ya moto. Ujanja wake ni kwamba hata likiwa limekufa, petali zake hujikunja hewa ikiwa na unyevu na hufunguka ikikauka, kwa hiyo mnunuzi akilitazama asubuhi na jioni anaamini kabisa linaishi. Inua ua hilo kidogo kwa ukucha. Utaona tone la gundi linang'aa.

Lakini baada ya kuzunguka masoko ya kutosha, jambo moja hulikwepi: karibu kila kitu kilicho mezani ni kitoto. Mkulima hawezi kukaa na mmea miaka arobaini akisubiri uwe na sura ya kuvutia. Anasia mbegu, anatenga miche, anauza. Kwa hiyo soko ni bahari ya vitoto vya rika moja, vimenyooka, havina kovu. Hata Mexico, ambako kaktasi ni mboga, kinacholiwa ni kichanga: mama aliyekaa na rundo la nopali anageuza jani la mpungate kwenye kiganja kimoja, kisu kinakata ukingo mzima kwanza, kisha kinapita juu ya kila kifundo cha miiba, kwa kasi ambayo ukipepesa macho unakuta jani liko tupu. Majani yale ni machanga, malaini. Likikomaa hakuna anayelitaka.

Biznaga ndiyo iliyolipa gharama ya kuwa nzee. Hiyo ni kaktasi ya pipa, Echinocactus platyacanthus, nene kuliko mtu, inayokua polepole mno. Kwa vizazi nyama yake ilikatwa vipande, ikachemshwa kwa sukari, ikawa acitrón, kipambo cha mikate ya sikukuu. Sasa mmea huo unalindwa kisheria na kuuvuna kwa ajili ya peremende ni marufuku. Waokaji wengi wamehamia vipande vya matunda yaliyogandishwa kwa sukari. Miongo ya ukuaji iliishia kwenye mkate wa siku moja. Nikiwaza hivyo, hasira hunipanda, kisha nakumbuka nani alikuwa anaitolea macho ile bibi kwenye magazeti.

## Pa kuonea wazee

Uzee unauona bustanini.

Kama ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua Jardín de Cactus ya kisiwa cha Lanzarote, Hispania. Msanii César Manrique aliifungua 1990, miaka miwili kabla ya kufariki, ndani ya shimo ambalo watu walikuwa wakichimba jivu la volkano. Unaingia kwa juu, na bustani nzima iko chini yako kwa ngazi za mawe, duara ndani ya duara, mimea kama 4,500 ya aina zipatazo 450, ardhi nyeusi, na kinu cha upepo kimesimama ukingoni. Upepo hautulii. Nje ya ukuta ni mashamba ya mipungate ambayo watu wa Guatiza waliyapanda kufuga kochinili, wale wadudu wanaotoa rangi nyekundu. Kwa hiyo hata kabla hujalipa kiingilio umeshapita katikati ya kaktasi zilizokuja pale kufanya kazi, na nadhani ndiyo sababu bustani ile haionekani kama pambo lililodondoshwa kutoka angani.

Pale nilikaa muda mrefu mbele ya mapipa ya dhahabu, ile kaktasi ya mviringo yenye miiba ya manjano ambayo Wazungu huitania kuwa ni kiti cha mama mkwe. Sokoni unaiona ikiwa ya kujaa kiganja. Lanzarote yamenenepa, mengine yameinama, chini yamekuwa ya gamba la kahawia, juu yana sufu nzito ambamo maua hujificha. Huwezi kuamini ni mmea uleule.

Bustani ya Huntington, huko California, ina kisa chake. Henry Huntington, tajiri wa reli, hakuzipenda kaktasi hata kidogo, kwa kuwa aliwahi kuumizana na mipungate wakati wa ujenzi wa reli. Mtunza bustani wake, William Hertrich, alimbembeleza mpaka akakubali, na 1907 wakaanza kupanda kwenye mteremko mkavu ambao hakuna aliyejua aufanyie nini. Leo ni miongoni mwa bustani kubwa na kongwe za aina yake duniani. Zürich nako kuna mkusanyiko wa jiji, uliofunguliwa 1931, unaingia bure, na humo ndani ya nyumba za vioo kuna utulivu ambao sokoni huupati.

Kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa na mgawanyo wangu rahisi. Soko ni la watoto, bustani ni ya wazee. Ukitaka kununua, nenda kwa watoto. Ukitaka kustaajabu, nenda kwa wazee.

Yule bwana na magazeti yake akauvuruga.

## Alama za vidole

Copiapoa asili yake ni pwani ya jangwa la Atacama, Chile, mahali ambapo mvua ni kitu cha kusimuliwa na mimea inaishi kwa ukungu unaopanda kutoka baharini. Jua la huko na ukame ndivyo vinavyoipa ile nta nyeupe. Kuna zinazosimama nguzo nguzo, zote zimeinamia kaskazini, upande wa jua. Ukiiotesha kwenye nyumba ya kioo ya Ulaya kwa maji ya bomba, inakua, inapendeza, lakini mara nyingi hubaki na rangi ya kijani au kahawia.

Ndiyo maana weupe una bei. Na ubavu ulioungua, miiba iliyosagika, mzizi uliokatwa, wasifu wa namna hiyo hauandikwi kitaluni.

Februari 2020 polisi wa Italia walivamia nyumba ya mkusanyaji mmoja wakakuta zaidi ya kaktasi 1,000 za Chile, nyingi zikiwa Copiapoa, baadhi zikikisiwa kuwa na umri wa zaidi ya karne. Mwaka uliofuata zaidi ya 800 zilirudishwa Chile kwa ndege. Na tatizo ni pana kuliko kesi moja: tathmini ya kimataifa iliyotolewa 2015 ilikuta kuwa asilimia 31 ya aina za kaktasi zimo hatarini kutoweka, na uchimbaji kwa ajili ya biashara ya mapambo na wakusanyaji ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Huko Arizona, Hifadhi ya Taifa ya Saguaro imefikia hatua ya kuzitia chipu baadhi ya saguaro, zile kaktasi ndefu zenye mikono, ili zikiibwa zitambulike. Saguaro huweza kukaa miaka 50 hadi 75 kabla haijatoa mkono wa kwanza. Mwizi anahitaji usiku mmoja na lori.

Lakini nina wajibu wa kumtendea haki yule muuzaji. Wakusanyaji wa zamani wa Ulaya wanakufa, na watoto wao hawajui la kufanya na nyumba ya vioo iliyojaa miiba. Mimea iliyoingia kihalali, au iliyooteshwa humo humo miaka mingi iliyopita, huishia sokoni bila karatasi. Mmea uliokaa miaka arobaini juani kwa mzee asiyemwagilia ovyo unaweza kuwa mweupe. Mzizi hukatwa pia ukioza, na mkulima mzuri huuacha ukauke kabla ya kuupanda tena.

Nimejaribu kuipa ile kaktasi historia safi. Kila nikiimaliza, zinabaki zile alama za gumba. Mtu aliyekaa na Copiapoa miaka arobaini hamshiki bibi yake hivyo.

Au pengine humshika. Mimi ni nani.

## Mabehewa ya Hertrich

Hapo ndipo nilipoanza kuzitilia shaka na bustani zangu.

Kaktasi karibu zote asili yake ni mabara ya Amerika. Iko aina moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe pia Afrika na Sri Lanka. Maana yake ni kwamba kila kaktasi unayoiona Ulaya, yenyewe au mababu zake, ilivuka bahari kwa mkono wa mtu. Na zile kubwa kongwe za bustani za mwanzo hazikuoteshwa kwa mbegu. Hertrich mwenyewe alikwenda jangwani, Arizona na Mexico, akachimba, akapakia kwenye treni. Wakati huo hakuna aliyemwita jangili. Ndiyo ilikuwa bustani.

Basi wale wazee ninaowaendea kwa heshima, ambao mimi huwatumia kama kigezo cha mambo kufanywa ipasavyo, wengine waliingia kwa mlango uleule wa ile ya kwenye magazeti. Tofauti ni miaka, na bango la jina.

Nilikaa na wazo hilo vibaya kwa siku kadhaa. Kilichonitoa, angalau nusu, ni lile pipa la dhahabu. Jina lake la kwanza, Echinocactus grusonii, lilitolewa mwishoni mwa karne ya 19 kwa heshima ya Hermann Gruson, mwenye viwanda wa Magdeburg aliyekuwa na mkusanyiko mkubwa wa kaktasi. La karibuni zaidi, Kroenleinia, linamkumbuka Marcel Kroenlein, aliyeongoza bustani ya kaktasi ya Monaco. Katika miaka ya 1990 bwawa la Zimapán lilijengwa Mexico na maji yakafunika sehemu ya bonde ambamo mmea huu uliota. Porini ni adimu. Bustanini, madirishani na mezani sokoni ni maelfu kwa maelfu, karibu wote wa mbegu.

Hiyo haimsafishi aliyechimba. Lakini inaniambia kwamba mmea ukizaliwa kwa wingi kitaluni, hakuna sababu ya mtu kubeba sururu kwenda bondeni. Pipa la dhahabu la kujaa kiganja, lile nililokuwa nalipita bila kulitazama, linafanya kazi kubwa kuliko nilivyolipa sifa.

Jambo jingine dogo: kamera. Siku hizi naipenda picha kuliko kitu chochote cha kubeba, lakini ukipiga picha ya kaktasi adimu porini na simu yako ikahifadhi mahali ulipo, ukiituma mtandaoni umemchorea mtu ramani. Jukwaa la picha za viumbe kama iNaturalist huficha lenyewe mahali halisi pa aina zilizo hatarini. Kundi lako la WhatsApp halifanyi hivyo. Zima huduma ya mahali (location) kabla hujapiga.

## Karatasi za mpakani

Kuna watu watauliza: sasa ukiipenda, unaipitishaje? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi huipitishi. Karibu familia nzima ya kaktasi imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1975, nyingi katika Kiambatisho cha II na baadhi, kama Ariocarpus, katika kile kikali cha I. Kwa kawaida mmea ulio hai unahitaji kibali, hata kama ulizaliwa kitaluni, na juu yake cheti cha afya ya mimea. Umoja wa Ulaya tangu mwisho wa 2019 unadai cheti hicho kwa karibu kila mmea anaobeba msafiri kutoka nje ya Umoja. Mbegu nyingi za kaktasi hazihitaji kibali cha CITES, isipokuwa zile zinazotoka Mexico na za aina zilizo katika Kiambatisho cha I, lakini masharti ya afya ya mimea yanabaki palepale.

Kichekesho ni kwamba sheria hizohizo zinamruhusu msafiri kubeba hadi vijiti vitatu vya mvua, vile virefu vinavyotengenezwa kwa kaktasi iliyokufa, bila kibali. Sijawahi kukutana na mtu mwenye vitatu.

## Ulisia mwaka gani?

Nimebadilisha swali. Zamani niliuliza bei, au jina. Sasa nauliza mbegu ilisiwa mwaka gani.

Mchimbaji hana jibu. Atasema ni nzee, atasema ni bibi, atacheka. Aliyeotesha, ole wako kama una haraka. Kwenye soko jingine, nchi nyingine, nilimuuliza mama mmoja mwenye trei za miche, akachomoa kibao cha plastiki kilichoandikwa kwa penseli: jina, mwaka, na herufi FR zikifuatwa na namba. FR ni Friedrich Ritter, mkusanyaji wa Kijerumani, na namba hiyo inarudi hadi mahali alipouona mmea wa kwanza kule jangwani. Ukoo mzima kwenye kibao kifupi kuliko kidole. Akanisomea kimoja baada ya kingine. Akanieleza ipi ilikufa kwa kuvu, ipi mbegu zake zilikuwa za rafiki, ipi mumewe aliimwagilia wakati yeye yuko hospitali, na bado alikuwa hajamsamehe.

Alikuwa na Copiapoa. Za kijani, duara, ndogo kiasi kwamba ilibidi niiname, na miiba ndiyo kwanza inaanza kuwa myeusi. Kwa hesabu ya kibao chake, zilikuwa na miaka sita.

“Zitakuwa nyeupe lini?”

“Hapa?” Akatazama mbingu yenye mawingu juu ya turubai lake. “Labda zisiwe.”

Nikajiuliza kama ningeipenda hivyo hivyo, ya kijani, isiyo na kovu, isiyowahi kuona ukungu wa Atacama. Jibu lililonijia halikuwa ndiyo ya haraka, na hilo linanieleza kitu juu yangu ambacho bado sijakipatanisha.

Alikuwa anauza na mbegu pia, za mimea yake mwenyewe, kwenye bahasha ndogo za kahawia. Hizo ndizo tulizoketi kuzijadili: nani katika mji ule anatoa cheti cha afya ya mimea, na kama ofisi yake hufunguliwa Jumatatu.